Uwanja Uliolala Upande

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, godoro na ombi. Saa nimeitundika, godoro nalilalia, na ombi ndilo hili ambalo limenikalia kichwani miezi mitatu. Mwalimu Neema, na wewe Mwalimu Baraka, mlitaka niwaandikie namna ya kumtoa mtoto wa Kirua Vunjo kwenye dumu la maziwa na kumfikisha timu ya taifa ya mpira wa magongo. Mkasema niandike kwa kirefu, maana sasa nina muda. Hilo ni kweli. Nina muda mwingi mpaka naona haya mbele ya majirani.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja vilivyokuja, na barua ya mwisho ya kunipandisha ilikosea jina langu. Nitaanza na siku ya kwanza.

Wenzangu niliohitimu nao walipangiwa mikoa ya mbali. Mimi nikapangiwa shule inayopakana na kihamba cha marehemu baba yangu, shamba letu la migomba, pale pale nilipochungia mbuzi utotoni. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Mkuu wa shule aliniuliza najua mchezo gani, nikajibu mpira wa magongo, kwa sababu nilikuwa nimeucheza mwaka mmoja chuoni, na kwa sababu mpira wa miguu ulikuwa umeshachukuliwa na mwalimu wa hesabu ambaye hakuwa mtu wa kugombana naye. Mkuu akanipeleka nyuma ya madarasa, akaninyooshea mkono. "Uwanja tunao. Tambarare kabisa."

Niliutazama nikakubali. Upande wa juu, unaoelekea mlimani, palikuwa na ukingo wa udongo ambapo watu waliketi kutazama. Upande wa chini palikuwa na ua wa masale, yale majani marefu tunayopandia mipaka, na baada ya masale kahawa ya usharika, yaani ya kanisa. Katikati palikuwa na nyasi, na ng'ombe angeweza kulala pale bila kubiringika, jambo ambalo kwa kwetu linatosha kabisa. Mimi, niliyekuja kufundisha kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, nilisimama pale na chaki mfukoni nikasema ni tambarare. Likumbukeni hilo.

Kuufundisha mchezo kulinishinda ndani ya wiki moja, kwa hiyo nikashuka Moshi kumtafuta Mzee Harbansi. Alikuwa na gereji mjini, upande wa kwenda Njoro, na ujanani alicheza magongo na kaka zake mpaka goti likakataa. Watu walimwita Kalasinga; yeye alijiita fundi. Kila Jumamosi alinipangia makopo ya oili sakafuni, akanipa gongo, akaniambia maneno yake manne: gongo chini, macho juu. Nilipoupiga mpira kwa hasira alinyamaza. Nilipousukuma taratibu alisema, "Sasa umeanza."

Somo lake kubwa lilikuwa la masikio. Alinigeuza nitazame ukuta, kisha yeye na kijana wake wakapigiana pasi nyuma yangu, nami niseme kama imepokelewa vizuri. Mlio mmoja, mpira umetulia kwenye gongo. Milio miwili, umeponyoka. Nimeitumia mbinu hiyo miaka yote. Hata nikiwa nasahihisha madaftari ofisini, dirisha likiwa wazi, nilijua nani anafanya mazoezi na nani anazubaa.

Magongo tulitengenezewa na seremala wa Njoro kwa mti wa mforosadi. Aliuchemsha mti ndani ya pipa, akaukunja, akaufunga waya, akauacha ukauke wiki mbili kivulini. Ukimharakisha, gongo linapasuka siku ya mechi. Mwambieni mnataka yakauke wiki tatu, atafanya mbili.

Mzee Harbansi alipanda kwetu mara moja tu, siku ya michezo ya shule. Alisimama ukingoni akihema, akatazama uwanja muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "hapa hamna uwanja. Hapa pana paa la nyumba."

Tulicheka wote, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Yeye hakucheka. Nilichukulia ni utani wa mtu wa mjini aliyechoka kupanda. Mwaka uliofuata alifariki, akaniachia magongo yake mawili na mpira mmoja halisi, mweupe uliokwisha kugeuka rangi ya chai. Baada ya hapo sikuwa na mtu wa kumuuliza. Ukifundisha mchezo ambao hakuna mwingine anayeufundisha kati ya shule yako na mjini, unakuwa mtaalamu kwa kukosa mpinzani.

Nikaendelea na utaalamu wangu. Wakati wa kiangazi nyasi zilikauka na mpira ukawa unarukaruka, basi zamu yangu ya maji ya mfongo, mfereji wa kijiji, nikaielekeza uwanjani badala ya kihamba. Mke wangu Ndeshi alisimama mlangoni na jembe. "Migomba inanyauka, wewe unanywesha nyasi," alisema. "Iko siku utakula hizo nyasi." Hata hivyo hakuyarudisha maji. Alikuwa akinitania hadharani na kunitetea kwa majirani, na nilikuja kujua la pili msibani kwake.

Sasa nije kwenye pasi. Niliona mapema kwamba mtoto akimlenga mwenzake moja kwa moja, mpira unapita chini yake na kwenda kwenye masale. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilitunga mbinu. Niliwaambia, "Lenga hatua mbili juu ya mwenzako. Mlima utakuletea." Wakaishika. Mtoto wa kidato cha kwanza aliimeza kwa wiki tatu, na kufikia kidato cha tatu hakuwa akifikiri tena. Mwili ulilenga wenyewe. Timu zilizotutembelea zilihangaika, mipira yao yote ikiishia kwenye kahawa, nasi tukasifiwa wilaya nzima. Viwanja vya wengine vilikuwa vya mashimo, mpira ukienda unakotaka wenyewe, kwa hiyo hata ugenini hakuna aliyeona kitu. Kauli ile, mlima utakuletea, niliipenda kuliko zote nilizowahi kusema darasani. Wanafunzi waliniita Meku, yaani mzee, tangu nikiwa na miaka thelathini, na waliiga sauti yangu wakiisema.

Aikande alikuja miaka mingi baadaye, nilipokuwa Meku wa kweli. Mama yake aliishi naye peke yao, akiwa na ng'ombe wawili, na binti alipeleka maziwa kituoni kila asubuhi kabla ya shule. Alichelewa mazoezi siku ya kwanza, nikamwambia akae pembeni. Akakaa. Mpira ukatoka uwanjani ukimwelekea kwa kasi, akachukua fimbo ya kuchungia iliyokuwa pale chini, akautuliza. Mlio mmoja.

Sijawahi kuona mikono kama ile. Nilimfundisha miaka minne, asubuhi na jioni. Alipomaliza kupeleka maziwa alikuja kwenye ukuta wa stoo ya shule, upande wa nyumba yangu, akawa anapigia mpira ukutani mpaka kengele. Mwaka wake wa tatu Ndeshi aliugua, na kabla ya masika akafariki. Watoto wangu walikuja, wakazika, wakarudi Dar na Mwanza kwenye kazi zao. Nawaambieni wazi: baada ya hapo nilikuwa naamka kwa ajili ya ule mlio wa ukutani. Nilichemsha chai nikiusikiliza. Siku ambazo mvua ilimzuia, nilikunywa chai nikiwa nimesimama.

Akiwa kidato cha nne tukaalikwa Nairobi, kwenye mashindano ya shule, kwenye uwanja wa nyasi bandia. Kocha wa timu yetu ya taifa ya vijana, mwanamke wa Tanga aitwaye Rukia, angekuwepo kuchagua wachezaji. Nilikuwa nimepita miaka hamsini na mitano na sikuwahi kuona uwanja wa namna ile. Ulikuwa wa buluu, umemwagiwa maji, na umenyooka mpaka unatia wasiwasi. Niliinama nikaugusa. Aikande naye akaugusa, akanitazama, tukacheka.

Kipindi cha kwanza kila pasi yetu ilikwenda kushoto. Si mbaya sana, hatua mbili tu, lakini kila moja. Nilipaza sauti mpaka ikakauka. Mapumziko nikawaambia, "Mnapiga kushoto mno. Rudisheni kulia." Tukabadilishana magoli, na kipindi cha pili kila pasi ikaenda kulia. Nikafikiri wamenitii kupita kiasi. Tulifungwa mabao ambayo sitayataja hapa.

Kocha Rukia alikuja nilipokuwa nakusanya magongo. "Shikamoo mwalimu. Hawa wasichana ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu."

"Wana mikono mizuri sana. Lakini mbona kila pasi wanaipeleka jukwaani? Kuna ndugu zao wamekaa kule?"

Nikageuka nikatazama jukwaa. Lilikuwa upande mmoja tu wa uwanja, na watu wamejaa. Nikafikiria watu wanapoketi kwetu. Wanaketi ukingoni, upande wa juu. Watoto wangu walikuwa wamefika mahali pasipo na mlima, miili yao ikautafuta upande wa juu, ikauona palipo na watu.

"Uwanja wenu ukoje?" akauliza.

"Tambarare," nikasema. Halafu nikasema, "Tambarare kwa kwetu."

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Nilimkuta Aikande amekaa kwenye ngazi, gongo magotini, viatu vimelowa. Hakuwa analia. Alisema, "Mwalimu, mlima haukuleta."

Nimewahi kuzika mke na wazazi wote wawili. Maneno yale nayaweka karibu na hayo.

Jioni ile Kocha Rukia aliniita. Alimtaka Aikande kwenye kituo cha mazoezi ya timu ya taifa, Dar. "Kosa limeshaingia mwilini," alisema. "Haliwezi kutoka kwa kuambiwa, litatoka kwa kutorudi. Miaka miwili asicheze kwenye uwanja ule. Likizo aje nyumbani, ale ndizi, asishike gongo. Na wewe mwalimu, nisamehe, usimfundishe. Hata kwa simu."

"Hata neno moja?"

"Hata neno. Sauti yako ndiyo anayoilengea."

Nilirudi na barua ya mzazi kusaini. Nilikaa nayo siku tisa. Mama Aikande alikuwa akiniamini kuliko mchungaji. Ningesema binti asiende, asingeenda. Na sababu nilikuwa nazo: mashindano ya mkoa yalikuwa karibu, mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, Dar ni mbali. Nilizipanga zote vizuri. Asubuhi ya kumi nilimsikia pale ukutani, mlio mmoja, mlio mmoja, mlio mmoja, na nikaelewa kuwa sababu yangu ni hiyo peke yake, nyingine zote nilikuwa nimeziokota njiani.

Nikakata jani la sale kwenye ua wa uwanja, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Mama Aikande. Kwetu mtu akikujia na sale, amekuja kuomba radhi, na huwezi kumfukuza hata kama amekuunguzia nyumba. Alikuwa anakamua. Aliliona jani mkononi mwangu akaacha kukamua.

"Mwalimu, hilo ni la mambo makubwa. Kuna nini?"

"Nimemkosea Aikande."

Uso wake ulibadilika, nami nikaona nimeanza vibaya. Nikamwambia haraka: uwanja umelala, mimi sikuuona, nimemfundisha binti yake kulenga vibaya miaka minne, na sasa timu ya taifa inamtaka Dar, barua ninayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa tena kwenye kigoda.

"Kwa hiyo unamtoa kwa sababu umemharibu, au kwa sababu ni mzuri?"

"Yote mawili."

"Akiharibika huko je?"

"Huko wana uwanja ulionyooka, Mama Aikande. Na wana mtu anayejua kuuangalia."

Alilichukua lile jani, akalichomeka kwenye paa la banda. "Haya. Nisomee hiyo barua," akasema. Akanipa bakuli la mtori, nikala nikiwa sina hamu, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili.

Aikande alipoondoka nilimwambia masharti yote. Aliuliza, "Na nikikwama?" Nikamjibu, "Muulize Kocha Rukia." Miezi ya mwanzo alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa akianza, "Mwalimu, nikipokea kwa nyuma mkono wa kushoto," nami namkatiza namuuliza hali ya hewa ya Dar. Nilimweleza bei ya maziwa, ng'ombe wa mama yake, nani amefiwa. Nilikuwa na majibu ya maswali yake, mengine mazuri, na niliyameza. Simu zikawa za kila mwezi, kisha za sikukuu. Hilo si kosa lake. Mtu hawezi kuendelea kupiga simu kuulizwa hali ya hewa.

Kwenye ukuta wa stoo palibaki alama za mpira. Mkuu wa shule aliyekuja baadaye alitaka kupaka chokaa, nikamwambia chokaa ipelekwe bwenini kwanza.

Kazi niliyoifanya baada ya hapo ndiyo ningependa muishike. Nilichukua ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi wa nyumba wanapimia usawa, nikaujaza maji, nikamweka mwanafunzi mmoja ukingoni na mwingine kwenye masale. Tofauti ilinifika kifuani, na mimi si mfupi. Tulichimba juu tukajaza chini kwa majembe, muhula baada ya muhula. Masika ya kwanza yalizoa kila kitu yakakipeleka kwenye kahawa ya usharika, nikaitwa na wazee wa kanisa. Tukajenga ukuta wa mawe, tukaanza upya. Leo tofauti ni ya goti. Zaidi ya hapo majembe hayawezi, kwa hiyo msiwaambie watoto ni tambarare. Waonyesheni kwa mpira wa maji, wajionee wenyewe.

Jumamosi wapelekeni Mabogini. Kuna eneo gumu karibu na mashamba ya mpunga, limenyooka kama meza, na shule ya pale watawaachia mkiomba kwa adabu. Siku ya kwanza niliyowapeleka wangu, mmoja alisimama akaulalamikia mpira: "Mwalimu, huu unakaa tu." Nilimwambia hiyo ndiyo tabia yake. Na ile kauli yangu ya mlima sikuisema tena. Mtoto akiisikia kwa kaka zake akawaigizieni, mkatazeni.

Aikande aliingia timu ya wakubwa, kisha akasajiliwa na klabu ya nje. Mechi zake nilizitazama kwenye simu, nikiwa nimesimama ukingoni maana ndipo mtandao unapokamata. Pasi zake zilikuwa zimenyooka. Mara moja mtangazaji alieleza alikotokea, akakitaja kituo, akamtaja Kocha Rukia, akataja Mlima Kilimanjaro kwa kuwa kila mtu lazima autaje. Shule hakuitaja. Iliniuma, sitawaficha. Iliniuma kutwa nzima, na kesho yake nikaenda kupima uwanja ambao haukuhitaji kupimwa.

Krismasi hii, miezi michache baada ya ninyi kuniaga, alirudi. Mnajua Desemba ilivyo kwetu, kila aliye Dar na kwingineko anapanda kwao, migombani kunajaa magari. Nilikuwa nimekaa nje nikisikiliza nyumba za wenzangu. Nikasikia, "Shikamoo Mwalimu." Alikuwa amekuwa mrefu, au mimi nimepungua. Aliniletea gongo jipya, jepesi, si la mti. Nikamchemshia chai. Tuliongea hali ya hewa kwa mazoea, kisha tukacheka.

"Twende uwanjani," akasema. "Miaka mingapi sijapakanyaga."

Niliuchukua mpira wa Mzee Harbansi na moja la magongo yake. Shule ilikuwa imefungwa, hakukuwa na mtu. Mimi nikasimama katikati na gongo jipya aliloniletea, yeye akaenda kule golini na lile la Mzee Harbansi. Akainama vile alivyokuwa akiinama, gongo chini, macho juu, akausukuma mpira. Ulikuja umenyooka, ukinilenga mimi hasa, pasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupigiwa. Nusu ya njia ukaanza kuteremka. Ukapita chini yangu hatua moja, ukaendelea taratibu mpaka kwenye masale.

Aikande alishika kiuno akautazama. "Samahani Mwalimu," alisema, "nilisahau kwamba uwanja wenu umelala."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yale ya mlima niliyoyapenda kuliko yote, na kwa mara ya kwanza yangekuwa sahihi, maana sasa sote wawili tulijua uwanja umelala. Nikayameza. Nilimwambia, "Umepiga vizuri sana," na ilikuwa kweli. Kisha nikashuka peke yangu kuufuata mpira.